Lugha ya Kwanza kwa Mashine ya Dada

Kitale, 12 Januari 2025

Dada Phelista,

Mulembe sana, mwana wa mama. Natumaini barua hii imekupata ukiwa mzima, na hayo macho imepunguza kuuma. Huku tuko tu. Peris alishikwa na homa wiki mbili lakini ameanza tena kunigombanisha juu ya viatu kwa mlango, kwa hivyo najua mke wangu amepona.

Nakuandikia kabla usahau vile nilikuonyesha mwaka mpya. Hiyo kompyuta ni mzee, imefanya kazi kwa duka ya bosi wangu Harnam miaka tisa, lakini haina ugonjwa. Nimekuwekea ile programu ya kufungua intaneti ya maandishi peke yake. Haina picha, haina matangazo ya kurukaruka. Herufi ni ya manjano juu ya nyeusi, kubwa kama ya ubao wa darasa lako. Na haimalizi bando, na hata hizi barua zetu utasoma hapo hapo.

Ukitaka kubadilisha kitu finya herufi o. Itatoka orodha ya setingi. Pale kwa aina ya herufi usiguse, ukigusa maneno yote itageuka alama za kuuliza. Kwa lugha nimeweka Kiswahili ya kwanza, Kingereza ya pili. Maana yake, ukurasa ukiwa na lugha mbili, mashine inaomba ya Kiswahili. Ikikosa ndio inachukua Kingereza. Hiyo ni rahisi kwa macho yako. Na ukibadilisha kitu chochote, kuna kijisanduku ya kuhifadhi hapo juu. Weka alama, halafu ukubali. Usipoweka alama, ukizima mashine inasahau kila kitu na kurudi vile ilikuwa.

Ukurasa wa wale madaktari wa macho nimeuweka wa kwanza. Ukiwasha tu, uko hapo. Wakitangaza tarehe ya kuja Lwakhakha utaona. Daktari wa hapo Bungoma alikuambia presha ya macho haingojei mtu, na mashine ya hospitali ya kuipunguza ni hao peke yao wanakuja nayo huku kwetu. Hiyo siku usikose, dada.

Ndugu yako mdogo,
Walubengo


Bungoma, 2 Februari 2025

Ndugu yangu Walubengo,

Salamu nyingi kwako na kwa Peris, mwambie aendelee na hivyo viatu asichoke. Mimi niko salama, isipokuwa milango. Nyumba hii nimeishi miaka ishirini na sita na sasa milango imenisahau, kila siku nagonga bega. Everlyne, mke wa mwanangu, anasema nikivunja fremu nitainunua.

Mashine yako ni nzuri. Jana nilisoma gazeti kutoka juu mpaka chini. Lakini mbona panapokuwa na picha inaandika neno PICHA? Kulikuwa na habari ya harusi ya mtu mkubwa, ikaandika PICHA PICHA PICHA mara kumi na moja. Nikamwambia Everlyne, "Bibi harusi amependeza." Alicheka mpaka akamwaga maziwa.

Madaktari wametangaza. Ijumaa tarehe 14 Machi, Lwakhakha, kuanzia saa mbili asubuhi. Nimeandika kwenye kalenda kwa kalamu nyekundu.

Jambo moja tu. Si unibadilishie iwe Kiingereza kwanza? Kiswahili chao ni kama kimetafsiriwa na mtu mwenye haraka. Mimi nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na moja, hakinitishi.

Dada yako,
Phelista


Kitale, 6 Februari 2025

Dada,

Mulembe. Nimefurahi umezoea mashine. Hiyo ya PICHA nitakuondolea nikija. Hiyo ya lugha wacha tu hivyo, Kingereza ina maneno mingi, itakuchosha macho bure. Kiswahili ni sawa.

Tarehe nimeona. Uende mapema, ubebe chai.

Ndugu yako,
Walubengo


Bungoma, 15 Machi 2025

Walubengo,

Habari za huko? Hapa si nzuri.

Jana nilifika Lwakhakha saa moja na nusu na Everlyne. Uwanja ulikuwa mtupu, mbuzi tu. Tukauliza mlinzi, "Madaktari wako wapi?" Akatuangalia. "Mama, hao si walikuwa hapa Ijumaa iliyopita? Walijaza watu mpaka barabarani." Nikamwambia haiwezekani, imeandikwa tarehe kumi na nne. Akasema, "Nani amekuandikia?"

Tukarudi nyumbani. Hawajasema watarudi lini. Wewe unaelewa mashine, niambie imekuwaje.

Dada yako,
Phelista


Bungoma, 25 Machi 2025

Ndugu yangu,

Asante kwa kuja Jumapili, na asante kwa sukari. Natumaini ulifika salama.

Nakuandikia kwa sababu nimeogopa. Jumapili ulinionyesha mwenyewe tarehe ya madaktari kwenye mashine, ikawa ni saba, nami nikasoma saba mbele ya watu. Leo asubuhi nimewasha mashine nikatazama tena, na naona kumi na nne. Nimezima, nimewasha. Kumi na nne. Nimefuta miwani na kitambaa kisafi. Kumi na nne.

Walubengo, ni kitu gani hiki? Mtu anaweza kuona nambari ambayo haipo?

Dada yako,
Phelista


Kitale, 27 Machi 2025

Dada,

Pole sana. Ni hiyo presha. Macho ikianza kuisha inakuonyesha kitu ilikuwa imezoea kuona. Usijisumbue na kusoma, pumzika. Everlyne akusomee.

Ndugu yako,
Walubengo


Bungoma, 22 Juni 2025

Mjomba Walubengo,

Shikamoo. Mimi ni Everlyne, naandika maneno ya mama vile anasema.

Anakusalimia sana. Anasema asante kwa kuuliza. Mashine haiwashi tena isipokuwa mimi nikimfungulia barua zako. Kusoma neno kanisani amewaachia wengine, anasema hawezi kusimama mbele ya watu asome kitu ambacho hakijaandikwa. Kitabu cha kikundi cha akina mama pia amerudisha, sasa katibu ni mwingine. Tulimwambia twende hospitali nyingine, hata Eldoret. Amekataa. Anasema daktari hapewi kitu kilichoisha.

Hayo ndiyo yake. Sasa haya ni yangu, hajui naandika: mama haongei siku hizi. Njoo umwone.

Dada yako Phelista, kwa mkono wa Everlyne


Kitale, 19 Oktoba 2025

Everlyne, mulembe. Najua ni wewe umefungua, na najua uliniita Juni nikaogopa kuja. Hii barua usimsomee. Mkalishe mama mbele ya mashine, ongeza herufi kama anataka, halafu utoke nje. Akisema hawezi, mwambie mimi nimesema anaweza. Tafadhali.

Dada,

Mulembe. Habari ya macho yako sijui niulize na mdomo gani, kwa hivyo siulizi.

Soma pole pole. Macho yako haikukosea. Uliona kumi na nne kwa sababu iliandikwa kumi na nne.

Ndio hiyo. Nimekaa nayo miezi saba na sasa imetoka, na sijasikia nafuu vile nilifikiria.

Ule ukurasa wa madaktari uko mara mbili, moja ya Kingereza na moja ya Kiswahili. Mwezi wa pili walibadilisha siku, wakaivuta karibu wiki moja. Kwa Kingereza wakarekebisha. Kwa Kiswahili hakuna mtu alikumbuka, ikabaki na tarehe ya zamani. Mashine yako ilikuwa inaomba Kiswahili kwanza, kwa sababu mimi ndio niliiambia iombe hivyo. Ikakupatia. Ukasoma sawasawa, ukavaa, ukaenda kwa uwanja wa mbuzi.

Barua yako ya kuuliza imekuwaje ilinipata kwa duka. Nikafungua ukurasa na simu yangu, ambayo ni ya Kingereza. Saba. Nikafungua na mashine iko kama yako. Kumi na nne. Nilijua hapo hapo. Haikuchukua hata dakika tano.

Ningekupigia simu. Nikasema hapana, nitaenda nimwambie uso kwa uso, hiyo ndio heshima. Njia yote nilikuwa napanga maneno. Kufika kwako nikakuta nyumba imejaa, akina mama wa kanisa wote wametoka ibada. Unakumbuka vile walinipokea. "Fundi amefika! Fundi, hiyo mashine yako imempeleka dada yako wapi?" Na yule mnene wa kuuza mitumba akasema, "Si huyu alikuwa wa kutengeneza redio? Nani alimpandisha daraja?" Wakacheka. Hata wewe ulicheka kidogo huku unapangusa macho. Sikulaumu kwa hiyo. Nasema tu hapo ndio yale maneno yangu yote iliisha.

Nikasema, ngojeni niangalie. Nikawapa mgongo. Nikafinya o, nikaweka Kingereza mbele. Nikaongeza herufi, nikaongeza, mpaka kwa kioo kukabaki mstari mmoja wa tarehe. 7 March. Nikakuita. Ulikuwa umevua miwani na unalia. Nikaweka kidole chini ya hiyo saba. "Dada, hii ni nini?" Ukasema, saba. Neno la pembeni hukuliangalia, na mtu analia hawezi jua hii ni March au ni Machi. Halafu ukasema, "Basi ni mimi."

Nami nikakushika bega nikakuambia pole. Uwongo mtu anaweza kusema ulimtoka kwa haraka. Hiyo pole haikutoka kwa haraka.

Na kwa vile nilikuwa naogopa mtu asinione, sikuweka alama kwa kile kijisanduku ya kuhifadhi. Ulipozima na kuwasha mashine ikarudi kwa Kiswahili. Ndio maana baada ya siku mbili uliona kumi na nne tena. Hukuona kitu hakipo. Ulinishika, dada, bila kujua umenishika. Nami nikakuandikia ati macho ikiisha inaonyesha kitu ilizoea. Hiyo hakuna daktari amewahi kusema. Niliitunga nikiwa nimekaa hapa kwa hii kiti.

Kuna ingine chini ya hiyo. Wewe uliniomba Kingereza mapema, Februari. Ilikuwa kazi ya dakika moja, ningekuelekeza hata kwa barua. Nilikataa. Nilikuambia ni kwa ajili ya macho yako. Haikuwa macho yako. Ile siku ya mwaka mpya nikikuonyesha mashine, ukurasa wa kwanza ulifunguka Kingereza. Ukausoma mbio kama mtu anakunywa maji, halafu ukaniuliza, "Fundi, hapa wanamaanisha nini?" Sikuwa nimeelewa hata mstari wa kwanza. Mimi niliachia shule kidato cha pili, na ni wewe ulikuja kunichukulia sanduku kwa bweni. Nikaona haya. Nikasema hii inachosha macho, nikaweka Kiswahili mbele. Nilitaka kwa hiyo kitu moja, mbele ya hiyo mashine, mimi ndio nijue na wewe uniulize. Miaka yote ni mimi nakuuliza.

Mbona nasema leo? Kuna mama mmoja wa karibu na msikiti, anaitwa Kadija, anauza vitambaa. Alileta kompyuta nimwekee mamake kitu kama yako. Nikafanya, nikamweleza hiyo habari ya lugha. Akafikiria kidogo. Akaniuliza, "Na ile lugha ya kwanza ikiwa na habari ya zamani, nani atamwambia mamangu?" Nikaendelea kukaza skrubu ya kifuniko. Akaniuliza tena, akifikiri sijasikia. Mzee Harnam akaita kutoka mbele, "Walubengo, mbona uko kama redio imeisha betri? Jibu mteja!" Nikamwambia Kadija, lazima awe anafungua zote mbili na mtu wa kumwangalilia. Akasema, "Basi mtu huyo ni mimi." Akalipa akaenda. Mimi nikabaki hapo na bisibisi kwa mkono.

Nimemwambia Peris kila kitu. Siku tatu hakunigombanisha hata juu ya viatu.

Sasa sikia, hii ndio muhimu. Madaktari wanarudi Lwakhakha, Ijumaa tarehe 28 Novemba. Nimefungua kurasa zote mbili na leo zinasema kitu moja. Lakini mimi usiniamini. Finya o wewe mwenyewe, geuza lugha, soma, geuza tena, soma. Ulikataa hospitali zote kwa sababu ulidhani umeisha. Hukuwa umeisha. Ni mimi nilikumaliza kwa maneno. Kama kuna kitu imebaki kwa hayo macho iende ikaokolewe. Mimi unaweza kunifanya vile unataka baadaye.

Nimechoka, dada. Si hiyo ya kulala ikaisha. Lakini najua uchovu wangu hauko karibu na wako, kwa hivyo wacha niukomeshe hapa.

Ndugu yako, kama bado,
Walubengo


Kitale, 23 Novemba 2025

Dada,

Mulembe. Mwezi umeisha na sijasikia kitu. Simu yako inaita tu, na Everlyne hachukui yangu.

Siulizi kama umenisamehe. Nauliza kama ulisoma. Ni Ijumaa hii. Nikija mwenyewe kukuambia, naogopa utakataa kwenda kwa sababu ni mimi nimesema. Kwa hivyo nimekaa. Nikikosea kukaa, basi nimekosea tena.

Walubengo


Bungoma, 7 Desemba 2025

Walubengo,

Hujambo. Sisi hatujambo.

Everlyne alifanya ulivyomwambia. Aliniweka kwenye kiti, akatoka na kunde zake kwenye ngazi. Nilikaa mbele ya mashine karibu saa nzima nikiangalia ukuta. Niliogopa kwamba nikisoma nitaona mambo ambayo hujaandika. Mwishowe nikasoma. Nilipofika mahali pa kumi na nne nikamwita Everlyne. Nikamwambia, "Soma mstari huu kwa sauti." Akasoma. Ulikuwa vile vile nilivyousoma mimi. Nikamwambia, "Na huu." Tukaenda hivyo mpaka chini, mimi kimya kimya kwanza, yeye kwa sauti baadaye. Kwa hivyo amejua yote. Amekuita jina fulani ambalo mimi kama mwalimu siwezi kuliandika.

Sikukujibu kwa sababu sikuwa na la kukuambia. Hiyo tu.

Tarehe 28 tulienda. Daktari ni msichana mdogo, jina lake Cheptoo, ana mikono baridi. Alinipa kadi nisome. Nikasoma mpaka mstari wa mwisho kabisa. Akaniuliza, "Mama, kwenye fomu umeandika kwamba uliacha kusoma tangu Machi. Nani alikuambia huwezi?"

"Ndugu yangu."

"Ni daktari wa macho?"

"Ni fundi wa redio."

Alicheka, kisha akaniona uso wangu akaacha. Akanieleza kwamba ugonjwa huu huanza kula pembeni, katikati huiacha mpaka mwisho. Ndiyo sababu nagonga milango. Kusoma ningesoma siku zote hizi, hakuna siku hata moja ambayo sikuweza. Jicho la kushoto sasa limeliwa sana, halirudi. Nilimwuliza ingekuwaje kama ningefika Machi. Alikuwa anaandika, hakuinua kichwa. Akasema, "Tungeokoa kiasi." La kulia wamelipunguza presha na nina matone ya kila siku. Hilo litabaki, nikiyafuata.

Nilidhani jicho ndilo litanikasirisha. Jicho nimelilia, likaisha. Kinachonikasirisha ni mambo madogo. Nilikuwa nashika kikombe namwuliza Everlyne, "Kina chai hiki?" Na chai nilikuwa naiona, Walubengo. Nilikuwa naiona ndani ya kikombe, ina moshi, na naogopa kusema kwamba naiona.

Kuhusu haya yako mbele ya Kiingereza, ungeniambia tu. Mimi nilikufunza kusoma ukiwa umenikalia pajani. Ungekosa neno ningekupa neno.

Sasa nisikilize. Jumapili ijayo akina mama wanakutana hapa kwangu baada ya ibada, wale wale. Utakuja. Utasimama uwaambie vile uliniandikia mimi, pamoja na kidole na ile pole. Usianze kulia kabla hujamaliza. Ukimaliza utakula kama watu wengine, kisha utarudi Kitale. Mashine usiiguse, nimeipanga mwenyewe. Yule mnene wa mitumba atakuambia maneno yake na utayavumilia.

Kitabu cha kikundi wamenirudishia, na kanisani nimeanza tena. Wote wanafurahi, wanasema nimerudi kama zamani. Si kama zamani. Siku hizi kila kitu nasoma mara mbili. Jina la mtu, aya, bei ya sukari, hii barua ninayokuandikia. Ile mara ya kwanza ni yangu. Ya pili ni kwa sababu yako, na sijui itaisha lini.

Dada yako,
Phelista